Kahawa ya Mkebe, Kituo cha Mwisho

Halima anataka kisa cha mahamri. Achieng anataka kujua kama kweli Japani kuna mashine za vinywaji kila kona au ni mambo ya filamu tu. Wenzangu wa kliniki pale Al Sadd wanataka picha za theluji. Na watu wa nyumbani Kimilili wananiuliza jambo moja, tena kwa sauti ya chini: kama nilimwona. Nimechoka kusimulia vipande vipande, leo huyu kesho yule, kila mtu akinikatiza anapotaka. Kwa hiyo nimekaa kitandani hapa Najma, Doha, kikombe cha karak, chai ya maziwa na viungo, kiko dirishani, na nitaandika safari yote kuanzia mlangoni mpaka mlangoni. Asiye na subira na aruke mbele, lakini ajue kwamba kukosa subira ndiko kulikonipeleka mbali vile.

Najma, kabla ya kuondoka

Kwa asiyenijua vizuri, mimi ni Nekesa, muuguzi, mtoto wa tatu kati ya watano. Anayenifuata ni Wafula, halafu Simiyu, kitinda mimba, ambaye ndiye aliyebaki nyumbani na Baba.

Mama alipofariki mwaka juzi, sisi wengine tulifika kutoka kila upande. Wafula, aliyekuwa Japani, hakufika. Kaburini Baba alisimama mbele ya umati akasema marehemu ameacha watoto wanne. Watu walidhani amechanganyikiwa kwa uchungu. Hakuchanganyikiwa. Tangu siku hiyo jina la Wafula halijatoka kinywani mwake, na ukilitaja wewe anainuka kwenda kuangalia ng'ombe, hata kama ndiyo kwanza ametoka kuwaangalia.

Pasaka hii tunafanya ukumbusho na kulijengea kaburi la Mama. Fundi wa mawe amekuwa akimsumbua Simiyu ampe majina ya watoto ayachonge, na Baba alishasema ni manne. Jiwe likichongwa limechongwa. Sikuwa tayari kumwona ndugu yangu akifutwa pale hali yuko hai, anapumua, anakula. Hilo ndilo lililonitoa Doha, wala si kupenda theluji.

Wafula naye hajawahi kuwa mtu wa maneno. Baada ya mazishi alinyamaza zaidi ya mwaka mzima, halafu siku moja akanitumia filamu ya Kijapani yenye jina nisiloweza kulitamka. Chini yake aliandika, "Itazame mpaka mwisho." Basi. Hakuna salamu, hakuna habari za kazi.

Ijumaa iliyofuata nikaiweka kwenye televisheni yetu. Mnawajua ninaokaa nao: Halima wa Mombasa, yuko mapokezi hotelini, na Achieng wa Kisumu, msimamizi wa walinzi kwenye duka kubwa kule Al Wakrah. Tukakaanga viazi, tukajipanga kwenye kochi. Filamu inamhusu dereva mzee wa basi katika mji mdogo wa pwani. Kila alfajiri anafika kituo cha mwisho, anatumbukiza sarafu kwenye mashine ya vinywaji iliyo kando ya barabara, mkebe wa kahawa ya moto unaanguka, anaushika kwa mikono miwili na kusubiri. Kisha anaufungua, anakunywa, anaendesha basi. Kesho yake hivyo hivyo. Hakuna anayekimbizwa, hakuna anayeposwa. Kuna barabara, bahari ya kijivu, abiria wawili watatu, na kahawa.

"Manze, huyu buda ataongea lini?" Achieng akauliza.

"Ashaongea," Halima akamjibu. "Kamwambia asante yule bibi wa mkoba. Wewe ulikuwa walala."

Karibu na mwisho kuna kipande kirefu. Dereva amekaa kwenye basi lake kwa mara ya mwisho, giza linaingia, theluji inaanguka. Nje, kwa mbali, mfanyakazi wa kujaza ile mashine anakuja na toroli. Amevaa kofia, barakoa na glavu. Anafungua mashine, anapanga mikebe mmoja mmoja, anafunga, anapangusa kioo kwa mkono wa koti, anaipiga mashine makofi mawili ubavuni. Halafu anatoa sarafu yake mwenyewe, ananunua mkebe mmoja, anauweka chini kwenye theluji, na kuondoka na toroli lake.

"Si angekunywa tu!" Achieng alisema, akaenda kulala.

Halima alisema ile ni sadaka. Mimi nikasema ni upweke, na nikaitazama tena filamu nzima peke yangu, na mara ya tatu, nikajiona nimeielewa kabisa. Dereva yule alikuwa Wafula. Basi tupu lilikuwa maisha yake ya ugenini. Nikamwandikia ndugu yangu kwamba nimeona, nimeelewa, nakuja. Alijibu siku ya pili kwa jina la reli na maneno haya tu: "Shuka kituo cha mwisho."

Angani

Siku ya safari Halima aliamka mapema kukaanga mahamri ya kumpelekea Wafula, akayajaza kwenye kopo la plastiki mpaka kifuniko kikagoma. "Mwambie ni ya shemeji yake," alisema, ingawa hajawahi kumwona. Achieng alinipa koti lake zito la kaki, alilolinunua sijui kwa nini katika nchi ambayo kiangazi chake kinachoma mpaka kitasa cha mlango.

Ndege ilichelewa kuondoka kwa sababu ya ukungu, na ukungu ukanipa jirani wa kuzungumza naye. Alikuwa mhandisi wa Kijapani anayefanya kazi ya gesi kule kaskazini mwa Doha, mtu wa makamo mwenye soksi nzuri sana. Nilimweleza naenda kumtafuta ndugu yangu. Nikamweleza na filamu, kwa kirefu, na maana yake yote niliyoigundua. Alinisikiliza kwa adabu.

"Hiyo filamu naijua," alisema. "Nilisinzia."

Nilitaka kuudhika, nikacheka. Nikamuuliza basi anieleze ile kahawa. Inakuwaje watu wenye pesa zao wanakunywa kahawa ya mkebe barabarani, tena wanaishika kama kifaranga? Aliwaza muda mrefu, mpaka nikadhani amesinzia tena.

"Si kwamba ni tamu sana," alisema mwishowe. "Ni kwamba ipo. Ukitoka kazini ipo. Ukiachwa na treni ipo. Ukiwa huna wa kuzungumza naye, ipo, na ina joto."

Nilifikiri: angalau mashine zao zipo. Ndugu yangu hakuwepo. Nilijifunika blanketi la ndege nikaanza kupanga maneno nitakayomwambia Wafula nikimfikia. Niliyapanga vizuri, yakawa makali.

Tokyo, na kosa la rangi

Achieng, jibu lako ni hili: mashine zipo kila kona. Zipo kwenye vituo, mbele ya nyumba za watu, kando ya makaburi, hata kwenye uchochoro ambao hata paka hana kazi nao. Zinawaka kama maduka, na moja ilinisemesha. Nilishtuka, nikajibu "asante" kwa sauti, na mwanafunzi aliyekuwa nyuma yangu akageuza uso ili asicheke mbele yangu.

Baridi ilikuwa ya kunikata masikio. Nilisimama mbele ya mashine ya kwanza nikiwa na sarafu mkononi na nia moja, kunywa kile alichokunywa mzee wa filamu. Chini ya mikebe kuna vibandiko, vingine vyekundu, vingine vya buluu. Sasa mimi ni muuguzi. Miaka yote nyekundu kwangu ni hatari, acha, usiguse, mwite daktari. Nikabonyeza ya buluu kwa kujiamini kabisa. Ukaanguka mkebe wa baridi kama barafu. Nilikuwa nimenunua kahawa baridi katika baridi ile, na kwa kuwa mimi ni mkaidi na nilishalipa, niliinywa yote nimesimama, meno yakigongana. Ilikuwa na sukari nyingi na ladha ya chuma kwa mbali.

Kosa la pili nililigundua nilipoondoka na mkebe mtupu. Pale watu hunywa papo hapo kando ya mashine, wanatumbukiza mkebe kwenye pipa la mashine hiyo, wanaendelea na safari. Mimi niliondoka nao nikitembea kama mtu wa Nairobi mwenye haraka, kisha nikatafuta pipa mtaa mzima. Hakuna pipa. Mji msafi vile, na hakuna pa kutupa hata karatasi ya peremende. Mkebe ule nilisafiri nao mpaka kaskazini, mfukoni mwa koti la Achieng, ukiligongagonga kopo la mahamri.

Lakini niliwatazama. Kabla ya kuingia treni asubuhi, wanaume wa suti na mafundi wa ujenzi walisimama mbele ya mashine ileile, kila mmoja na mkebe wake, hawazungumzi. Wanautikisa kidogo. Wanaushika kwa mikono miwili. Mmoja aliugusisha shavuni, akafumba macho. Muda wa kumaliza kahawa ile ni mfupi sana, na hakuna aliyetazama simu. Niliwaonea wivu, kwa sababu mimi kila ninapokunywa kitu ninafanya na kitu kingine.

Treni ya kaskazini

Treni ya kwanza ilikimbia kama ilivyoahidiwa. Ya pili ilikuwa ndogo, ya mabehewa mawili, na katikati ya safari theluji iliizuia. Tukashushwa kwenye kituo kidogo ambacho kilikuwa na paa, benchi na mashine ya vinywaji. Mfanyakazi wa kituo aliinama akatuomba radhi kana kwamba theluji ameileta yeye. Abiria wakakaa. Hakuna aliyefoka. Kwetu saa hiyo tungeshachagua msemaji wa abiria.

Mimi ndiye niliyetaka kufoka. Wafula alikuwa ananisubiri kituo cha mwisho, na nilimjua: akiona sikutokea angeamua nimebadili nia, angerudi kazini na kunyamaza mwaka mwingine. Nilitembea huku na huku mpaka mama mmoja wa umri wa Mama yetu, mwenye skafu ya zambarau, akainuka, akaenda kwenye mashine, akarudi na mkebe wenye kibandiko chekundu, akanisukumia mikononi.

Ulikuwa wa moto mpaka nikaurusha mkono huu mkono ule. Nikaelewa kwa nini wanasubiri. Unakaa nao kwanza, vidole vinarudi kuwa vyako, mabega yanashuka, ndipo unafungua. Nilikunywa nikiwa nimesimama kando ya mama yule, tukitazama theluji, na kwa mara ya kwanza tangu Doha nikaacha kupanga maneno makali.

Halafu adabu ya nyumbani ikaniponza. Kwetu jirani akikuletea kitu kwenye sahani, hurudishi sahani tupu. Nikafungua kopo la Halima nikampa mama mahamri mawili. Aliyapokea kwa mikono miwili, akainama, akala moja polepole, akakubali kwa kichwa. Kisha akaenda kwenye mashine, akarudi na mkebe mwingine. Ulikuwa supu ya mahindi! Mahindi ya kunywa, ya moto, na punje zake chini. Sasa ningefanyaje? Nikampa mahamri mengine. Akaenda mashine. Nikatoa mahamri. Akaenda mashine. Abiria walikuwa wameacha kutazama theluji, wanatutazama sisi.

Mifuko ya koti ilikuwa imejaa mikebe ya moto, natoa jasho, na nimeshika kopo wazi kumpa tena, pale kijana mmoja alipokuja na simu yake ya kutafsiri, akaniinamia. Sauti ya simu ikasema kwa Kiingereza kwamba mama huyu anaomba tafadhali mimi niwe mshindi, kwani sarafu zake zimekwisha.

Tulicheka, mama yule na mimi, tukashikana mikono na kuinamiana kwa wakati mmoja, jambo ambalo halifanyiki vizuri. Halima, ndiyo hivyo. Mahamri yako yaliliwa na kituo kizima. Lilibaki moja, na nililificha.

Kituo cha mwisho

Treni ilipofika mwisho wa reli, jioni ilikuwa imeanza. Nilishuka peke yangu. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kituo cha basi, mashine ya vinywaji ikiwaka, na nyuma yake bahari ya kijivu. Mahali pale nilipajua. Nilikuwa nimepaona mara tatu sebuleni Najma.

Wafula alikuwa amesimama kando ya mashine, na koti la kazi, amekonda, na ndevu chache ambazo Mama angeziondoa mwenyewe. Aliniinamia kwanza kwa mazoea. Kisha akakumbuka mimi ni nani, akanikumbatia mpaka mikebe yote mfukoni ikagongana.

"Umebeba nini wewe?"

"Ni hadithi ndefu. Wafula, nimekuja kwa sababu moja tu..."

"Subiri," akasema, akatumbukiza sarafu. Mikebe miwili ikaanguka. Aliipiga mashine makofi mawili ubavuni.

"Mbona unaipiga kama ng'ombe?" nikamuuliza. Baba hufanya vilevile tangu tukiwa wadogo: akimaliza kukamua, anampiga ng'ombe makofi mawili mgongoni, kumwambia kazi imekwisha, nenda.

"Mazoea," alisema. "Kunywa, itapoa."

Sikunywa. Nilikuwa nimevuka nusu ya dunia, na nikamwaga yote niliyoyapanga: kaburi, jiwe, fundi, majina manne. Nikamuuliza kwa nini hakuja kumzika Mama. Alisikiliza akiwa ameshika mkebe kwa mikono miwili, akanijibu bila kunitazama.

"Kibali changu cha kukaa huku kilikuwa kinabadilishwa. Ningetoka, nisingerudi. Nilimpigia Baba nimweleze. Akasema njoo, akakata. Nikapiga tena, hakushika. Nikapiga tena."

"Ungeniambia mimi."

"Nilikutumia filamu."

"Filamu nimeiona! Mara tatu! Nimeielewa zaidi ya aliyeitengeneza." Nikamweleza: dereva ni wewe, basi tupu ni upweke, bahari ni nyumbani. Alianza kucheka, halafu cheko likamkatika.

"Nekesa," alisema taratibu. "Hukuniona?"

"Kukuona wapi?"

Akatoa simu, akaenda moja kwa moja kwenye kile kipande kirefu. Mfanyakazi akaja na toroli. Kofia, barakoa, glavu. Akapanga mikebe. Akapangusa kioo. Akaipiga mashine makofi mawili ubavuni, palepale tulipokuwa tumesimama.

Mara tatu nilikuwa nimemtazama ndugu yangu mwenyewe, na kila mara nilikuwa nimeshughulika kutafuta maana. Nililia kwa aibu na kwa furaha, vyote pamoja, na kahawa ikapoa mkononi.

Kazi yake ndiyo hiyo, kuzunguka na lori dogo akijaza mashine za pwani ile. Watu wa kamera walikuja, mwigizaji wao akashindwa kuifungua mashine, bosi akamwomba Wafula asaidie. "Ilikuwa siku ya mazishi," alisema. "Hapa sikuwa nimemwambia mtu. Ningekaa chumbani peke yangu nifanye nini? Nikasema sawa, nitajaza."

"Na ule mkebe kwenye theluji?"

"Huo hawakuniambia. Niliambiwa jaza, ondoka. Lakini nilijua saa hiyo kwenu ni mchana, mnatupa udongo kaburini. Mimi sikuwa na udongo." Akapangusa kioo cha mashine kwa mkono wa koti. "Yule mwongozaji wa filamu hakunikaripia. Alikuja baadaye akainama, akaenda zake."

"Kwa nini hukuniandikia hivyo tu?"

"Niandike nini? Nimekosa mazishi ya Mama lakini niko kwenye filamu?"

Nilimwambia tunampigia Baba sasa hivi, palepale. Akakataa. Mimi nikishaamua jambo mnajua nilivyo, lakini ukaidi wa Wafula na wangu umetoka tumbo moja. "Mwonyeshe tu," alisema. "Usimwambie kitu. Akiniona, ameniona. Asiponiona, basi majina ni manne na mimi nitanyamaza." Alinifanya niape. Kisha nikampa hamri lililobaki. Alilila amesimama, akipangusa sukari kwenye ndevu, na akaniambia nimsalimie shemeji yake asiyemjua.

Nilikaa naye siku chache. Nilipanda lori lake, nikampokeza mikebe, nikajifunza kwamba ya moto hupangwa mapema ili ipate muda wa kushika joto. Hatukuzungumza sana. Nilijilazimisha, na kufikia siku ya mwisho sikuwa najilazimisha tena.

Kurudi

Kurudi hakuna la kusimulia isipokuwa sanduku. Nilileta mikebe ya kutosha kwa kila aliyeniagiza, na kwenye uwanja wa ndege wa Doha afisa alilifungua, akatazama, akaniuliza kama ninafungua duka. Achieng aliichemsha kwenye sufuria ya maji ili tuinywe ya moto. Alisema ni karak iliyokosa tangawizi. Halima alisema nzuri, halafu akamwaga yake kwenye sinki akidhani simwoni.

Najma, Ijumaa

Simiyu ana simu mbili. Filamu nilimtumia kwenye moja, na kwenye nyingine akanipigia kwa video, akaiegemeza kwenye thermosi ya chai ili nimwone Baba na filamu pia. Halima na Achieng walikaa kila mmoja upande wangu.

"Baba," nikasema, "kuna filamu nataka uione. Simiyu, mpelekee karibu na mwisho."

"Kwa nini mwisho?" Baba akauliza. "Anza mwanzo."

Ikaanza mwanzo. Simiyu alisinzia hata kabla ya yule bibi wa mkoba. Baba hakusinzia. Alikaa wima na kofia yake magotini, mtu ambaye maisha yake yote ameamka gizani kufanya kazi ileile aliyofanya jana, na akamtazama dereva yule kama anayemjua. "Basi lake ni safi," alisema. Baadaye akasema, "Huyu ni mtu wa kazi." Dereva aliposhika mkebe akasubiri, Baba alikubali kwa kichwa, kwa sababu naye hunywa chai hivyo, baada ya kukamua, ameegemea uzio. Sisi watatu tulioshindwa na filamu hii tulikaa tukimwona mzee wa Kimilili akiitazama bila kuhitaji kuelezwa lolote.

Halafu theluji ikaanza. Achieng alinishika mkono. Mfanyakazi akaja na toroli, kofia, barakoa, glavu, na uso wa Baba haukubadilika. Akapanga mikebe. Baba akakuna shingo. Akapangusa kioo. Niliuma mdomo, kwa sababu niliapa.

Makofi mawili.

Baba alisogea mbele. Akatazama sarafu ikiingia, mkebe ukiwekwa chini kwenye theluji, yule mtu akiondoka na toroli, na akaendelea kutazama hata pale pasipokuwa na mtu tena.

"Simiyu, amka," alisema. "Rudisha nyuma."

Simiyu akarudisha. Baba akatazama tena.

"Hii ilikuwa lini?" akaniuliza.

"Siku ileile, Baba. Saa ile tulipokuwa kaburini."

Nilimsubiri ainuke aende kwa ng'ombe. Aliinuka kweli, akavaa kofia, akafika mlangoni, nikaona mgongo wake tu. Kisha akarudi, akakaa, akavua kofia tena. Macho yake yalikuwa mekundu na hakuyaficha.

"Mpigie fundi," alimwambia Simiyu. "Mwambie majina ni matano. Wafula akae mahali pake, kati ya Nekesa na wewe."